Afisa ustawi wa jamii Uingereza sio kazi ya kea, tuelewane

Haya wapendwa, mambo vipi huko nyumbani, mimi afisa ustawi wenu niko hapa Leicester na mvua yake kama kawaida, leo najibu lile swali maana inboksi imejaa, "dada nimemaliza Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, naweza kuja kufanya kazi huko?" Inawezekana, ila nisikilizeni vizuri.

Kwanza acheni kuchanganya mafaili. Kea ni kuhudumia wazee, unawaogesha, unawalisha, kazi ya heshima kabisa na mimi nimeifanya, lakini viza ya kea kwa wanaoajiriwa kutoka nje ilifungwa Julai 2025, kwa hiyo dalali anayekuuzia hiyo viza leo ukiwa Bongo ni tapeli, usimpe hata mia. Afisa ustawi, yaani "social worker", ni habari nyingine, jina lenyewe linalindwa na sheria, hapa England huruhusiwi kujiita hivyo mpaka Social Work England, chombo kinachosajili maafisa ustawi, wakusajili, na hao wanataka waone ulisoma nini na fildi, yale mafunzo ya vitendo, ulifanyia wapi. Fildi jamani! Wale mliokuwa mnasainiwa fomu halafu mnarudi Kariakoo kukaa dukani, hapo ndo mtabanwa.

Sasa kazi yenyewe. Najua mnavyosema, "hao si ndo wanaonyang'anya watoto wa watu?" Sikiliza, mimi siwezi kujiamulia tu nikabeba mtoto, polisi ndo wanaweza kumhifadhi mpaka saa 72, mimi mpaka mahakama itoe amri. Siku nyingi nagonga mlango, naomba kuona mtoto analala wapi, nachungulia friji kama kuna chakula, halafu naomba niongee na mtoto peke yake, na hapo ndo mama akiwa wa kwetu ananikunjia uso, "ana nini cha kukwambia ambacho mimi siwezi kusikia?" Ndo maana mimi naanza na shikamoo mlangoni kabla hata sijatoa kitambulisho, inasaidia, hiyo hawakunifundisha chuo cha hapa. Nikirudi ofisini naandika mpaka macho yanawasha, maana usichoandika leo wakili atakuuliza kesho kutwa mbele ya hakimu.

Wa diploma malizieni digrii kwanza. Wenye digrii kafuatilieni transkripti zenu sasa hivi, mnavijua vyuo vyetu, "njoo wiki ijayo" hazina mwisho.