Fungeni Kinanda Kwanza

Walimu wenzangu, nianze na kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza kuwafundisha wanafunzi wimbo wa jadi wa Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi, nilifanya nilivyozoea: nikaandika noti za do-re-mi ubaoni, nikagawa sauti tatu, nikakaa kinandani. Hawakukosa noti hata moja. Kisha nikawawekea rekodi ya wenyeji. Kimya. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, ndio wimbo uleule?"

Kosa lilikuwa kinandani. Uimbaji ule, ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2001, una sauti zinazoangukia katikati ya vitufe viwili. Kila nilipobonyeza, nilikuwa nawasahihisha watu ambao hawajakosea.

Siku hizi kinanda nakifunga. Tunasikiliza mara tatu, mara nne, bila karatasi, kila mmoja akiifuata sauti moja tu, hasa ile ya chini. Ndipo tunaiga. Waliobobea katika kusoma noti ndio wanaotaabika zaidi, nami nikiwamo.

Au chukueni kijiji cha Bistritsa, Bulgaria. Akina mama wa huko huimba sauti zilizobanana, kama do na re zikishikiliwa kwa pamoja. Mwanakwaya akisikia hivyo hukimbilia kurekebisha; si ndivyo tulivyomfundisha? Mwambieni avumilie. Waimbe begabega, kwa sauti ya kifua, bila kulainisha, hadi wausikie mtetemo hewani. Kwa akina mama wale, mtetemo huo ndio utamu wenyewe.

Isicathamiya, uimbaji wa Wazulu, ilinifunza jingine. Jina lake linatokana na kunyata, na ilikulia kwa wanaume waliokwenda migodini na mijini Afrika Kusini kutafuta kazi, wakilala kwenye mabweni ya vibarua. Wanafunzi wangu waliiimba wamesimama kama nguzo, besi ikichelewa kila mara. Nilipowaambia wanyate, hatua mbili kulia, mbili kushoto, besi ikaingia yenyewe. Mimi niliyekuwa napunga mikono mbele yao nikabaki sina kazi.

Kuhusu maneno, tafuteni mwenye lugha awasomee na kuwaeleza maana. Hapo hakuna njia ya mkato.

Basi, sogezeni viti. Sauti ya kwanza na ya pili, njooni mbele. Tuanze na ile do na re, na asiwepo wa kurekebisha.