Mbele Uzioni au Nyuma kwa Fundi Mitambo?

REHEMA: Wasikilizaji, habari zenu. Mimi ni Rehema, na huyo mnayemsikia anacheka kabla hata hatujaanza ni Seif.

SEIF: Nacheka sauti yako, dada. Imekauka kama gunia.

REHEMA: Si nimetoka tamashani! Jumamosi nilikaa mbele kabisa, nimeshika uzio saa tano nzima. Tano, Seif. Hata msalani sikwenda.

SEIF: Pole. Na ulisikia nini?

REHEMA: Nilisikia nini? Nilisikia muziki, kaka.

SEIF: Ulisikia besi na ngoma. Maneno ya nyimbo uliyajaza mwenyewe kwa sababu unayajua kwa moyo. Ule wimbo wao mpya, uliuelewa?

REHEMA: [kimya kidogo] Ule mpya... beti moja moja.

SEIF: Basi. Leo mada ndiyo hiyo. Msimu wa joto umefika, miji mikubwa inafungua viwanja na bustani zake kwa muziki, na watu wanahangaika na tiketi, nguo na viatu. Swali la maana hajiulizi mtu: ukishaingia getini, unasimama wapi?

REHEMA: Niwaambie wasikilizaji, Seif alibeba spika za matamasha misimu mitatu, ndiyo maana anaongea kama hakimu.

SEIF: Nilibeba na mgongo unanikumbusha. Sikiliza sasa. Zile spika ndefu zinazoning'inia pande mbili za jukwaa, zilizojipinda kama ndizi, hazikuelekei wewe wa uzioni. Zimelengwa kwenye umati ulio nyuma yako. Sauti ya mwimbaji inapita juu ya kichwa chako. Lakini spika za besi ziko wapi? Chini, mbele ya jukwaa, hatua chache tu kutoka kwenye magoti yako. Kwa hiyo besi unaipata yote, ngoma unaipata moja kwa moja jukwaani, maneno yanakupita.

REHEMA: Wanaweka na zile ndogo pale ukingoni mwa jukwaa. Nimeziona.

SEIF: Wanaweka, kuwaonea huruma ninyi. Ila mahali pazuri ni kwenye kile kibanda cha fundi mitambo, kule katikati ya uwanja, kinachotazamana na jukwaa. Yeye anachanganya muziki kwa masikio yake akiwa pale. Anachokisikia kuwa ni kizuri, ni kizuri pale alipo. Ukisimama mbele yake kidogo, umekaa kwenye kiti cha mpishi.

REHEMA: Haya, nami niseme. Sauti safi ninayo kwenye simu, Seif. Wimbo umerekodiwa studio, umepigwa msasa, hauna kasoro. Nikilipa tiketi nikasimama juani, ninakwenda kumwona mtu. Nataka nione vidole vya mpiga gitaa vikikosea. Nataka mwimbaji akisahau ubeti atutazame sisi tulio mbele tumkumbushe. Hilo hulipati kibandani.

SEIF: Hilo nakupa. Ila kuona bila kusikia nako kuna mwisho wake. Unajua habari ya Beatles, ile bendi ya Waingereza, pale Shea Stadium, New York?

REHEMA: Nimeona picha za wasichana wanalia.

SEIF: Tarehe 15 Agosti 1965. Watu zaidi ya 55,000 kwenye uwanja wa besiboli. Wakati huo hakuna aliyekuwa na vyombo vya kujaza uwanja wa namna ile. Walikuwa na vikuza sauti vya gitaa vilivyotengenezwa maalumu, vikubwa kwa wakati wao, na sauti za kuimba zikapitishwa kwenye spika za uwanja, zilezile za kutangazia mchezo. Makelele ya mashabiki yakafunika kila kitu. Wenyewe jukwaani hawakusikiana. Mwaka uliofuata wakaacha kabisa ziara za maonyesho.

REHEMA: Lakini waliokuwepo wanasimulia mpaka leo.

SEIF: Wanasimulia walichoona!

REHEMA: [anacheka] Endelea, hakimu.

SEIF: Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi wanaliona na hawalitambui. Siku nyingine ukae mbali, mita mia hivi, utazame ngoma kwenye skrini kubwa. Fimbo inashuka, halafu ndiyo mlio unakuja.

REHEMA: Nimeshaiona hiyo! Nilidhani skrini mbovu.

SEIF: Skrini nayo huchelewa kidogo, lakini hapo sauti ndiyo iliyo njiani. Inatembea takriban mita 340 kwa sekunde. Mita mia ni karibu theluthi moja ya sekunde, na sikio linaona pengo hilo waziwazi. Sasa fikiria: uwanja mrefu, wa nyuma hawasikii, unawasimikia minara ya spika katikati. Umeme kwenye waya unafika papo hapo. Mnara unapiga, kisha sauti ya jukwaani inakuja nyuma yake. Mtu anasikia kila neno mara mbili.

REHEMA: Kama tangazo la kituo cha treni.

SEIF: Hivyohivyo. Kwa hiyo fundi anaichelewesha minara kwa makusudi. Anapima umbali, anapiga hesabu, mnara unasubiri mpaka sauti ya jukwaani ifike, ndipo nao unapiga. Ukiona watu wamelala kwenye nyasi mita mia mbili nyuma na bado wanasikia pumzi ya mwimbaji, kuna mtu alishinda asubuhi nzima anapima. Chicago wamelifanya jambo hilo kuwa jengo kabisa. Pale Millennium Park kuna jukwaa la Pritzker Pavilion, kazi ya Frank Gehry, lilifunguliwa 2004. Juu ya nyasi wametandaza mabomba ya chuma kama chanja kubwa, spika zinaning'inia humo. Watu kama 7,000 wanakaa kwenye nyasi, na sauti inawashukia kutoka juu badala ya kupigwa kutoka mbele.

REHEMA: Na pale ndipo wanapopiga muziki wa okestra bure kila msimu wa joto, sivyo?

SEIF: Ndipo. Grant Park Music Festival. Maonyesho hayo ya bure yalianza 1935, enzi za Mdororo Mkuu, uchumi ulipoanguka, wanamuziki wengi hawana kazi.

REHEMA: Hapo ndipo ninapoupendea mji mkubwa. Watu wanalalamika kwamba matamasha ni ghali, na kweli yale makubwa yanakausha mfuko. Lakini mji mkubwa una muziki wa bure kuliko unavyoweza kuumaliza. Angalia Ufaransa: tangu 1982, kila tarehe 21 Juni, siku ndefu kuliko zote kule, watu wanatoka na ala zao mitaani. Waziri wa utamaduni wa wakati huo, Jack Lang, ndiye aliyeisukuma. Anayepiga vizuri anapiga, asiyejua naye anapiga. Ilianza Ufaransa, sasa nchi chungu nzima zinafanya.

SEIF: Asiyejua naye anapiga. Mungu atulinde.

REHEMA: Usiwe na roho hiyo. Na New York, 1981, Simon na Garfunkel, wale waimbaji wawili, wakapiga bure kwenye bustani ya Central Park, inakadiriwa watu nusu milioni.

SEIF: Wote wamesimama mbele uzioni?

REHEMA: [anacheka] Wale walikuwa wa kwako.

SEIF: Ngoja nikuulize jambo. Umewahi kuona kwamba muziki uleule mchana unasikika mwepesi, jioni unakuwa mzito na unafika mbali?

REHEMA: Nilidhani ni kwa sababu nyota wakubwa wanapanda usiku na wanafungua sauti.

SEIF: Hilo nalo lipo. Lakini hewa yenyewe inabadilika. Mchana ardhi imepata moto, hewa ya chini ni ya joto kuliko ya juu, sauti inapinda kuelekea angani. Jua likizama, ardhi inapoa haraka, hewa ya baridi inatulia chini na ya joto inabaki juu. Sauti inapindishwa irudi chini. Fundi hajagusa kitu, na mtu aliye kitandani mitaa kadhaa mbali anaanza kusikia besi dirishani.

REHEMA: Ndipo simu za malalamiko zinapoanza.

SEIF: Ndiyo maana matamasha ya mjini yana saa ya kuzima, na saa hiyo haina msalie. London, Julai 2012, Hyde Park. Mwanamuziki Bruce Springsteen amepiga zaidi ya saa tatu, akampandisha Paul McCartney, yule wa Beatles, jukwaani. Mwisho wa ruhusa ulikuwa saa nne na nusu usiku. Wakapitiliza. Waandaaji wakakata sauti. Wazee wawili wale, majina makubwa namna ile, wanawashukuru watu na midomo inacheza bila sauti.

REHEMA: Mimi ningelia.

SEIF: Mimi ningekuwa upande wa majirani.

REHEMA: Wewe umezaliwa mzee, Seif. Lakini hebu tuseme la masikio, maana Jumamosi nilirudi nyumbani yanavuma. Mpaka Jumapili mchana yanavuma.

SEIF: Hapo siwezi kukucheka. Hiyo ni ishara kwamba yaliumia. Wataalamu wa afya kazini wanahesabu hivi, kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: desibeli 85, unaweza kukaa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unagawanywa mara mbili. Desibeli 88, saa nne. Desibeli 91, saa mbili. Ukifika 100, dakika kumi na tano basi.

REHEMA: Dakika kumi na tano? Nilikaa saa tano!

SEIF: Na 100 si nyingi kwa mtu wa uzioni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi na matamasha mwaka 2022, likasema wastani usizidi desibeli 100. Sasa hesabu mwenyewe.

REHEMA: Ninavyo viziba masikio, vile vya sponji. Sivivai, vinafanya muziki usikike kama uko chini ya blanketi.

SEIF: Kwa sababu sponji inakata zaidi sauti nyembamba, matoazi na herufi za maneno, besi inaachwa. Kuna vile wanavyovaa wanamuziki wenyewe, vinapunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana. Muziki unabaki muziki, umeshushwa tu. Ukivaa hivyo unaweza hata kuelewa maneno, maana sikio halijalemewa.

REHEMA: Nitanunua. Sijasema nitahama uzioni, nimesema nitanunua.

SEIF: Nimekusikia.

REHEMA: Haraka haraka, la simu: watu elfu hamsini mahali pamoja, mtandao unalala. Ujumbe wa "uko wapi" unafika mmeshalala. Patana na wenzako mahali pa kukutania kabla hamjaingia, mahali pasipohama. Siyo "kando ya yule jamaa mwenye bendera".

SEIF: [anacheka] Yule jamaa huwa anahama.

REHEMA: Anahama na kijiji chake chote. Lakini Seif, nina jambo moja ambalo hujanijibu. Majukwaa madogo. Tamasha kubwa lina majukwaa manne, matano, na watu wanakuja jioni kumfuata mmoja tu. Mimi nafika saa nane mchana, geti halina foleni. Mwaka juzi nilisimama jukwaa dogo la pembeni, hatukuzidi watu arobaini. Dada mmoja na gitaa, na mwenzake anapiga fidla. Wimbo wa tatu, jenereta likazima. Kimya. Wewe ungekuwa wapi?

SEIF: Kwa fundi mitambo, kumsaidia.

REHEMA: Fundi alikuwa anakimbia na tochi mchana kweupe, sijui ya nini. Yule dada akaweka maikrofoni chini, akashuka jukwaani, akaja hadi kwenye uzio. Akatuambia, "Sogeeni." Tukasogea. Akaimba nyimbo mbili hivyohivyo, na yule wa fidla amekaa ukingoni miguu inaning'inia. Nilisikia anavyovuta pumzi kati ya mistari. Umeme uliporudi, watu wakaguna!

SEIF: [kimya] Wakaguna?

REHEMA: Wakaguna kabisa. Kuna mzee akapiga kelele, "Zima!" Sasa niambie, siku ile mahali pazuri palikuwa wapi?

SEIF: Siku ile... palikuwa mbele.

REHEMA: Wasikilizaji, mmesikia. Imerekodiwa.

SEIF: Palikuwa mbele kwa sababu spika zilikufa! Spika zikiwa hai, njoo kibandani. Jumamosi ijayo tuna tamasha, tufanye majaribio. Nyimbo tano, usimame nami pale katikati, umevaa vile viziba.

REHEMA: Tano ni nyingi. Mbili.

SEIF: Dada, wimbo wa kwanza fundi bado anarekebisha. Wa pili ndiyo ameanza kupata. Nne.

REHEMA: Tatu, na wewe usimame nami uzioni tatu.

SEIF: Mgongo wangu...

REHEMA: Tatu, Seif.

SEIF: Haya. Ila tunaanza na kwangu, kabla hujapoteza sauti iliyobaki.