Kabla ya Kushika Chaki

Assalaam alaykum, vijana wangu.

Sifa za vyeti za kuwa mwalimu nazimaliza upesi, kwani matangazo ya vyuo mnayasoma wenyewe: ufaulu wa Kidato cha Nne kwanza, kisha mafunzo ya ualimu, kama yale ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kampasi ya Nkrumah, Beit el Ras. Ila majina! Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha mtihani Hamisi, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi Hamis. Siku ya kuomba ajira hao ni watu watatu. Yalinganisheni kabla ya kusajiliwa mtihani. Cheti kikishatoka, mtahangaika na hati za kiapo.

Sasa andalio la somo, maana hapa ndipo wanachuo wengi wanapoanguka katika mazoezi ya kufundisha. Mtu anaandika lengo: "Wanafunzi waelewe kutoa." Huko kuelewa utakupima kwa nini? Andika: "Kila mwanafunzi aweze kutoa namba za tarakimu mbili kwa kukopa, apate hesabu tatu kati ya nne." Lengo likikaa hivyo, zana inajileta. Chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi, hazinunuliwi: zikate urefu wa kidole, funga kumi kumi, nyengine ziache moja moja.

Chukua 42 kutoa 17. Mbili haitoshi kutoa saba, basi mtoto afungue fungu moja: anabaki na mafungu matatu na chelewa 12. Anatoa saba, zinabaki tano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. Jawabu 25. Ukikuta 35 daftarini, mtoto hakubahatisha: amegeuza, akatoa mbili kwenye saba. Alama ya kosa peke yake haitamsaidia. Mrudishe kwenye chelewa.

Na zoezi liwe ubaoni kabla ya kengele. Ukianza kuliandika watoto 70 wamekukodolea macho mgongoni, robo ya kipindi imekwenda, na kelele ni haki yao.

Lugha nayo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hiyo hatua hizo hizo zisemeni kwa Kiingereza, kwa sauti, nyumbani. Anayeijua hesabu ila maneno hayamtoki huishia kuandika jawabu kimya kimya, na watoto wakanakili.

Chelewa ziko mezani. Kila mmoja ahesabu 42, afunge mafungu manne, kisha amfundishe wa pembeni yake. Dakika tano.