Willie O'Ree na Siri ya Jicho la Kulia

SAUMU: Haya haya, asalaam aleikum, hamjambo nyote mulio kwa matatu za Bamburi, mulio kwa foleni ya feri pale Likoni, mulio jikoni na simu mumeiegemeza kwa sufuria. Mimi Saumu, na huyu hapa kando yangu...

ATHMAN: Athman, kama kawaida. Na niwape onyo mapema jamani, kwa joto hili Da Saumu ametuletea mchezaji wa hoki ya barafu. Barafu! Feni yenyewe hapa yatoa hewa ya moto.

SAUMU: We tulia. Hoki si twaijua, watu wacheza pale Mombasa Sports Club, na Kenya hii ishawahi kumaliza ya nne Kombe la Dunia la hoki mwaka 1971 kule Barcelona.

ATHMAN: Hiyo ni ya nyasi dada. Hii ya barafu mimi naijua kwa klipu za watu wakipigana ngumi refa amesimama tu awatazama.

SAUMU: Ndo nataka nikutoe huko kwa ngumi. Mtu wangu wa leo aitwa Willie O'Ree, mzaliwa wa Fredericton, New Brunswick, huko Kanada, mwaka 1935, kitinda mimba kwa watoto 13. Huyu ndo mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ile ligi kubwa kabisa ya hoki ya barafu duniani. Tarehe 18 Januari 1958 akiwa na Boston Bruins, ugenini Montreal, na wakashinda 3-0.

ATHMAN: Eh, sasa hapo nimeamka. Mweusi, Kanada, na miaka hiyo?

SAUMU: Weusi wa Kanada ni wa zamani sana, mababu zake O'Ree walikuwa watu waliotoroka utumwa Marekani. Na si ati weusi walikuwa hawachezi, wajua kule Nova Scotia ilianzishwa ligi ya weusi mwaka 1895, hiyo NHL yenyewe imekuja 1917. Halafu miaka ya 40 kulikuwa na mtu aitwa Herb Carnegie, baba yake Mjamaika, waliomuona wasema alikuwa moto wa kuotea mbali, lakini NHL hakuwahi kucheza hata mechi moja. Amefariki 2012, wakaja kumuingiza kwa Ukumbi wa Mashujaa wa hoki 2022. Miaka kumi mtu yuko kaburini!

ATHMAN: Sasa yeye alisikia raha gani na hiyo heshima?

SAUMU: Waulize wao. Ila mimi leo sikuja na hii habari ya "wa kwanza", hiyo kila mtu aisema, ukimtafuta mtandaoni ndo sentensi ya kwanza utakayoiona. Nilokuja nayo ni jicho.

ATHMAN: Jicho?

SAUMU: Jicho la kulia. Huyu bwana alikuwa halioni.

ATHMAN: Ngoja ngoja. Wamaanisha alizeeka akapoteza macho, ama?

SAUMU: La! Kabla ya NHL. Alikuwa na miaka 20, acheza ligi ya vijana huko Ontario, mwenzake kapiga shuti, kile kisahani wanachokipiga badala ya mpira kikaruka kikampata usoni. Pua ikavunjika, mfupa wa shavu ukavunjika, jicho la kulia likapoteza asilimia 95 ya kuona. Na ujue kile kisahani ni raba ngumu kama gramu 160 hivi, unene sentimita mbili na nusu, na kabla ya mechi wakitia kwa friza kigandishwe kisidundedunde.

ATHMAN: Subhanallah. Na helmeti?

SAUMU: Helmeti gani? Wakati huo watu walicheza kichwa wazi, nywele zimechanwa vizuri na mafuta. Hata makipa walikuwa hawafuniki uso, Jacques Plante wa Montreal ndo aliyeanza kuvaa barakoa kila mechi mwaka 1959, na kocha wake mwanzo hakuitaka.

ATHMAN: Kipa! Anayesimama mbele ya hivo vidude!

SAUMU: Sasa daktari akamwambia O'Ree, kijana, hoki basi, hutacheza tena. Yeye akatoka hospitali, wiki kama nane hivi akarudi barafuni. Na akafunga mdomo. Watu wake wa karibu wachache tu ndo walojua. Manake sheria za ligi zilikuwa wazi, asoona jicho moja hachezi.

ATHMAN: Na wale hawapimi macho?

SAUMU: Hakupimwa. Mwenyewe asema hakuna timu iliyowahi kumpima macho, na hakuwaambia.

ATHMAN: Mmh. Mimi hapo Da Saumu sikubaliani na wewe, na hata hujasema kitu.

SAUMU: Haya sema.

ATHMAN: Yaani nakuelewa watoka wapi, shujaa, mtu wetu, na kadhalika. Lakini mchezo ule watu wakimbia kwa visu miguuni, fimbo mkononi, wagongana kwa ule ubao wa kuzunguka uwanja. Ukiwa huoni upande mmoja wahatarisha mwenzako pia. Na lile jicho lililobaki likipigwa je? Umri wa miaka 22 umekuwa kipofu kwa sababu ya mchezo.

SAUMU: Hilo la jicho la pili ni kweli, sikatai. Lakini hebu jiweke pale. Mweusi peke yake, ligi nzima ina timu sita, SITA Athman, kwa hivyo nafasi za kazi dunia nzima hazifiki 130 hivi. Ukienda kumwambia kocha "samahani na jicho pia sina" atakwambia karibu chai?

ATHMAN: Atakwambia nenda ukauze hiyo chai.

SAUMU: Basi. Sasa nikueleze kwa nini hili jicho laniuma zaidi, na hapa nisikize vizuri manake ni mambo ya uwanjani. O'Ree alikuwa winga wa kushoto. Winga wa kushoto akaa ukingo wa kushoto, ubao uko kushoto kwake, na mchezo wote uko wapi? Uko kulia kwake. Pasi zatoka kulia, mabeki wa kukugonga watoka kulia. Na kulia ndo haoni!

ATHMAN: Alaa!

SAUMU: Ni kama uendeshe tuktuk Digo Road na saiti mira ya kulia imeng'oka. Kila mara ilimbidi azungushe kichwa chote juu ya bega la kulia ndo aone kisahani kwa jicho la kushoto, na wakati ameugeuza huo uso kuna jitu la kilo 90 laja kumbamiza. Alikuwa na mbio, mbio za ajabu, watu wa wakati ule wote wasema hivo, lakini nafasi nyingi alikosa golini. Mashabiki wakisema huyu hajui kumalizia. Kumbe!

ATHMAN: Sasa kule NHL alicheza mechi ngapi?

SAUMU: 45. Mbili msimu ule wa 1958, akarudishwa chini, halafu 43 msimu wa 1960-61. Magoli manne, pasi za magoli 10. Goli lake la kwanza tarehe mosi Januari 1961, nyumbani Boston, na walofungwa ni hao hao Montreal.

ATHMAN: Magoli manne. Mtu akisoma hiyo takwimu bila habari ya jicho atasema waliweka sura tu.

SAUMU: Ndo maana nimekwambia hii habari ya "wa kwanza" yamfunika. Tena hiyo siku ya kwanza mwenyewe hakujua kama amevunja rekodi yoyote, ati alikuja kusoma kwa gazeti kesho yake. Yeye furaha yake ilikuwa amecheza Montreal, na jamaa zake wamekuja kumuona.

ATHMAN: Na matusi? Manake wazungu wa miaka hiyo...

SAUMU: Alitukanwa sana, zaidi kwenye miji ya Marekani kama Chicago na Detroit, kuliko Kanada. Chicago kuna mchezaji alimpiga na kitako cha fimbo meno ya mbele yakatoka, pua ikavunjika, na O'Ree naye akamrudishia fimbo ya kichwa. Uwanja ukachafuka, ikabidi afungiwe chumba cha kubadilishia nguo mpaka mechi iishe.

ATHMAN: Nilikwambia kuna kupigana lakini.

SAUMU: Haya, umeshinda. Lakini jambo ambalo mimi naliona zito kuliko hayo meno ni la besiboli. Alikuwa mzuri huko pia, mwaka 1956 akaitwa na Milwaukee Braves kwa majaribio, kambi yenyewe iko Georgia, kusini kabisa, maji ya kunywa ya wazungu kando na ya weusi kando. Mtoto wa Fredericton hajawahi kuona mambo hayo. Hakufuzu, akapanda basi kurudi kwao, safari ya siku na siku, kaanza amekaa nyuma kabisa manake ndo sheria, kila wakienda kaskazini asogea viti mbele, mpaka kufika karibu na mpaka wa Kanada ashakaa mbele. Akasema hoki ndo yangu.

ATHMAN: Hiyo ya viti imeniingia bwana. Na huyu Jackie Robinson, yule mweusi aliyefungua mlango ligi kuu ya besiboli Marekani, si alikuwa wakati huo huo?

SAUMU: Walikutana! Mwaka 1949 O'Ree ni kitoto, timu yao ya besiboli imepelekwa New York kama zawadi, akamwambia Robinson mimi nacheza hoki pia, Robinson akashangaa kumbe kuna weusi wacheza hoki. Mwaka 1962 wakakutana tena Los Angeles kwenye shughuli ya watu wengi, na Robinson akamkumbuka.

ATHMAN: Wacha! Miaka 13?

SAUMU: Wallahi. Sasa huko Los Angeles alifikaje? Boston mwaka 1961 walimwambia aende nyumbani ajiandae, msimu ujao atarudi. Wiki chache akasikia ameuzwa Montreal. Montreal ile ndo ilikuwa imetoka kuchukua vikombe vitano mfululizo, 1956 mpaka 1960, nafasi apate wapi? Akapelekwa timu ya chini, kisha akauzwa tena Los Angeles Blades, ligi ya magharibi. NHL ikaisha hapo. Umri wake miaka 26.

ATHMAN: Ishirini na sita! Basi na hadithi imeisha.

SAUMU: Imeanza! Kule Los Angeles kocha akamhamisha, akamtoa winga ya kushoto akamtia ya kulia. Hebu fikiria sasa.

ATHMAN: Winga ya kulia... ubao uko kulia... mchezo wote uko kushoto. Jicho zima! Ah wewe!

SAUMU: Magoli 38 msimu wa 1964-65. Magoli 38 tena 1968-69 akiwa San Diego Gulls. Akaongoza ufungaji wa ligi mara mbili. Na kocha hakumhamisha kwa sababu ya jicho, hakujua habari za jicho, ilitokea tu.

ATHMAN: Sasa Da Saumu, hapo si ndo hoja yangu yasimama? Angemwambia kocha mapema, Boston, wangemtia kulia tangu 1958!

SAUMU: Wangemtia nje, Athman.

ATHMAN: Wajuaje? Kocha akitaka ushindi hukutafutia nafasi.

SAUMU: Sheria ilikuwa imeandikwa! Hata kocha akimpenda vipi mikono imefungwa. Na baada yake yeye mweusi wa pili NHL alikuja 1974, Mike Marson wa Washington, miaka 13 mlango umefungwa. Wewe wanambia hao ndo wangekaa kumtafutia upande wa kusimama?

ATHMAN: Sawa, lakini roho yangu haijatulia. Nampongeza, ila mtoto wangu akinifanyia hivo namkalia chini.

SAUMU: Wako utamkalia chini, hapo sina neno. Alicheza mpaka 1979, miaka 43, San Diego hukohuko. Kisha akawa mtu wa kawaida tu, alifanya kazi ya usalama kwenye hoteli moja kubwa ya ufukweni, watu wampita wala hawajui ni nani. NHL wakamkumbuka miaka ya 90, mwaka 1998 wakampa kazi ya kuzunguka mitaani na mashuleni kuwaleta watoto wa kila rangi kwenye mchezo. Ukumbi wa Mashujaa 2018, na tarehe 18 Januari 2022 Boston wakaipandisha jezi yake namba 22 darini, hakuna atakayeivaa tena. Yeye alitazama kwa video tu akiwa San Diego, ilikuwa bado mambo ya korona.

ATHMAN: Siku ile ile, 18 Januari.

SAUMU: Miaka 64 kamili. Mwezi huo huo Marekani ikampa medali ya dhahabu ya Bunge.

ATHMAN: Sasa kuna msikilizaji ametuma ujumbe hapa, "Nina kijana wangu wa miaka 12 mwenye mbio, hii hoki ya barafu Mombasa twaipata wapi?" Jibu hilo.

SAUMU: Mombasa hakuna, barafu yetu ni ya samaki na ya juisi. Lakini Nairobi pale hoteli ya Panari, Mombasa Road...

ATHMAN: Barabara angalau ni yetu!

SAUMU: ...kuna uwanja wa barafu ulifunguliwa 2005, ni mdogo kuliko ule wa mashindano, ule wa NHL una mita 61 kwa 26. Ndo walipozaliwa Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 hao vijana wakapelekwa Kanada kwa tangazo la kampuni ya kahawa, wakavaa jezi na kucheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, hao ni majina makubwa kabisa ya NHL ya sai. Kwa hivyo mama kijana, ukipanda SGR na kijana wako, piga simu kwanza uulize kama pako wazi na viatu vya saizi yake vipo, na umbebee sweta na soksi nzito.

ATHMAN: Na macho yote mawili yapimwe kabla.

SAUMU: Athman!

ATHMAN: Nimesema tu. Haya, wiki ijayo ni zamu yangu, na mtu wangu atatoka pahala penye jua.