Gundi ya meno inashika kweli? Njoo tuipime kwenye enameli

Haya wadau, leo tunapima gundi ya meno, ile daktari anayoshikizia kijazio kwenye jino, inashika vipi kwenye enameli, lile gamba gumu la nje ya jino. Tunatumia meno ya ng'ombe, nenda machinjioni asubuhi uongee nao vizuri watakupa taya, ila chukua la chini tu maana ng'ombe juu hana meno ya mbele, kama hujawahi kumchungulia mdomoni basi ndo umejua leo.

Ng'oa yale ya mbele, kwangua nyama yote, loweka kwenye kloramini-T (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.5 isizidi wiki moja, halafu hamishia kwenye maji ya distili uweke friji nyuzi 4. Likipita miezi 6 usilitumie. Na waliokulia Arusha na Meru mnayajua meno ya kahawia ya floraidi, ng'ombe nao hupata, enameli ya hivyo inagomea asidi kwa hiyo usiyachanganye na mengine.

Kata mzizi, zamisha jino kwenye akriliki (plastiki ya maji inayoganda) uso wa mbele ukiangalia juu. Ikishaganda sugua na msasa namba 600 huku maji yanatiririka mpaka upate sehemu bapa ya kama milimita 5. Taratibu hapa jamani, enameli ni nyembamba, ukiona unjano unachungulia hiyo ni dentini, tabaka la chini ya enameli, jino hilo limeshatoka mchezoni.

Sasa gawa makundi mawili, angalau meno 15 kila kundi. Kundi la kwanza linapata asidi, la pili linapata gundi ile inayojidai haihitaji asidi, tuone.

Vaa glavu na miwani. Kundi la kwanza, paka jeli ya asidi ya fosforiki asilimia 37, sekunde 15 mpaka 30 (daktari wa meno Mmarekani Buonocore alianza na asilimia 85 mwaka 1955, mbinu yote imetokea hapo). Suuza vizuri, puliza hewa, enameli lazima iwe nyeupe isiyong'aa kama chaki, bado inang'aa? Rudia. Usiiguse na kidole, na kama kompresa yako inatema mafuta itengenezwe kwanza, nasema kweli hapa ndo majibu mengi ya ajabu yanapozaliwa, watu wanailaumu gundi bure.

Sasa makundi yote mawili, paka gundi, sugua na brashi kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa, puliza mpaka isichezecheze, piga taa ya bluu. Kisha weka kifinyango chenye tundu la milimita 2.38, ndicho wanachotumia kwenye ISO 29022, kiwango cha kimataifa cha kipimo hiki, jaza kompoziti (kile kijazio cha jino), piga taa tena, toa kifinyango polepole. Weka kwenye maji ya nyuzi 37 saa 24.

Twende mashineni, ile inayosukuma kisu na kupima nguvu. Funga kipande, shusha kisu kikae palepale kompoziti inapokutana na jino, kikikaa mbali kidogo tu kinakuwa kinaibenua kompoziti badala ya kuikata. Mwendo milimita 1 kwa dakika. Ikikatika soma niutoni, yaani nguvu iliyotumika, gawanya kwa eneo, tundu letu ni milimita za mraba 4.45, kwa hiyo niutoni 100 ni megapaskali (niutoni kwa kila milimita ya mraba) 22 na nusu hivi.

Usikimbilie namba ukaandika ripoti, angalia kwanza imevunjikia wapi kwa hadubini. Enameli imebaki safi, gundi ndo imeachia. Imeondoka na kipande cha jino, hapo umepima jino, gundi yenyewe ilikuwa inadai zaidi. Mchanganyiko nao upo. Kwenye kundi lisilo na asidi mara nyingi utakuta namba ziko chini na enameli safi, ndo maana madaktari wengi wanapaka asidi kwenye enameli hata kama kichupa kimesema si lazima.

Na zile zilizodondoka zenyewe kwenye maji kabla ya kupimwa ziandike nazo, kuna watu wanazitupa kimyakimya, kundi linaonekana imara kumbe nusu lilishang'oka zamani.