Kinacholeta Mtoto Kliniki na Kinachomuumiza: Mhadhara juu ya Tiki za Utotoni

Habari za jioni, na ahsanteni kwa kuja. Nimeambiwa humu ndani wamo wazazi, walimu, wauguzi na wanafunzi wa saikolojia. Nitajitahidi kusema kwa namna ambayo mzazi hatasinzia na mwanafunzi hataninung'unikia.

Mzazi anapomleta mtoto mwenye tiki, sentensi yake ya kwanza karibu kila mara inahusu kinachoonekana. Daktari, hayo macho. Daktari, hicho kikohozi. Mtoto anapepesa macho kwa nguvu, anakunja pua, anapandisha bega moja, anasafisha koo ingawa hana mafua. Mzazi anataka macho yatulie, basi. Mkae kando na mtoto mwenyewe, umuulize kinachomkera zaidi, na mara nyingi hatayataja macho. Atakwambia kwamba hamalizi kazi ya darasani hata siku moja. Au kwamba analazimika kufuta neno na kuliandika upya mpaka karatasi inatoboka. Au kwamba usiku hapati usingizi kwa kuogopa mama yake atapatwa na jambo baya. Tiki ndiyo iliyomleta, lakini kinachomuumiza ni kingine. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na kwa kuwa mnastahili ushahidi, nitautoa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Tiki ni mjongeo au sauti ya ghafla, fupi, inayojirudia bila mpigo maalumu. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unazigawa hivi: zikiwa bado hazijatimiza mwaka mmoja, ni tiki za muda, zikivuka mwaka na zikawa za mwili peke yake au za sauti peke yake, ni tiki sugu, na mtoto akipata tiki mbili au zaidi za mwili na walau moja ya sauti, kwa zaidi ya mwaka, zikiwa zimeanza kabla ya umri wa miaka 18, hiyo ni hali ya Tourette. Mtaona mgawanyo wenyewe unategemea kalenda kuliko ubongo. Siku ya 364 na siku ya 366 hakuna kilichobadilika kichwani mwa mtoto.

Hayo si maneno yangu ya kejeli tu. Watafiti waliowafuatilia watoto tangu wiki za mwanzo za tiki, wakawarekodi kwa video wakiwa wamekaa peke yao chumbani, waliona kwamba baada ya mwaka karibu wote walikuwa bado na tiki, hata wale ambao wazazi walikwisha kushukuru kwamba zimeondoka. Zilipungua, hazikutoweka. Uchunguzi mwingine uliolinganisha video za watu walipokuwa wadogo na walipokuwa watu wazima ulikuta hivyohivyo: karibu tisa katika kumi bado walikuwa nazo, na nusu ya waliosema wamepona walionekana wazi kwenye mkanda wakipepesa na kutikisika. Mimi habari hiyo naiona ni njema. Mtu anaweza kubaki na tiki asijue kabisa kwamba anazo, maana haziingilii maisha yake.

Jina la Tourette linatokana na daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika mwaka 1885 kuhusu wagonjwa tisa. Mkubwa wake wa kazi, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, ndiye aliyeupa ugonjwa jina la kijana huyo. Baada ya hapo mambo yaliharibika. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, tiki zilifasiriwa kuwa mgogoro wa nafsi uliofichika, na lawama zikawaangukia wazazi, hasa akina mama. Miaka ya 1960 ilipoonekana kwamba dawa ya haloperidoli inazipunguza, hoja hiyo ikaanza kubomoka. Ikabaki tabia yake moja: mpaka leo mzazi anaingia kliniki akiwa tayari ameshajihukumu.

Ni watoto wangapi? Tiki za kupita ni jambo la kawaida sana. Hadi mtoto mmoja katika watano huwahi kuwa nazo wakati fulani. Hali kamili ya Tourette inakadiriwa kuwapata chini kidogo ya watoto 10 katika kila 1,000 wa umri wa shule, wavulana wakiwa mara tatu au nne ya wasichana. Huanza miaka 4 hadi 6, kwa kawaida usoni, hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa wengi hushuka ujanani. Na kile ambacho sinema zinakipenda, mtu kutapika matusi asiyoyakusudia, huwapata takriban mmoja katika kumi. Nalitaja hili haraka na kuliacha, kwa sababu limekwisha kula muda mwingi mno kuliko linavyostahili.

Sasa kiini chenyewe. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa watu 1,374 wenye hali ya Tourette pamoja na jamaa zao. Asilimia 86 hivi walikuwa wamewahi kuwa na walau tatizo jingine moja la akili au tabia. Asilimia 58 walikuwa na mawili au zaidi. Yanayoongoza ni mawili. La kwanza ni ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu na pupa kupita kiasi cha umri. La pili ni OCD, yale mawazo yanayong'ang'ania na matendo ambayo mtu anajiona analazimika kuyafanya. Zaidi ya watu saba katika kumi walikuwa na moja kati ya hayo au yote mawili. Nyuma yake zinafuata hofu na wasiwasi uliokithiri, sonona, matatizo ya kujifunza, usingizi mbovu, milipuko ya hasira, na kwa baadhi, usonji.

Wanafunzi, hapa nataka muwe wakaidi. Watu hao walipatikanaje? Wengi kupitia kliniki. Mtoto mwenye tiki peke yake, anayefaulu masomo na kucheza na wenzake, hapelekwi kliniki ya mbali. Anayepelekwa ni yule mwenye mizigo mitatu. Walipochunguzwa watoto wa kundi kubwa lililofuatiliwa tangu ujauzito katika eneo la Bristol, Uingereza, wengi wa waliokuwa na Tourette hawakuwa na ADHD wala OCD. Kwa hiyo ile asilimia 86 ni picha ya wanaofika kliniki. Usimtishe nayo mzazi ambaye mtoto wake ana furaha na anakunja pua tu.

Hata hivyo, tofauti hiyo inaitia nguvu hoja yangu. Wanaofika kliniki hufikishwa na nini? Wanasaikolojia walipowagawa watoto makundi, wenye tiki peke yake upande mmoja na wenye tiki pamoja na ADHD upande wa pili, walikuta kwamba kwa ukali na utovu wa nidhamu kundi la kwanza lilifanana na watoto wasio na tatizo lolote. Fujo ambayo mwalimu aliiandika kwa jina la Tourette ilikuwa ya ADHD. Na tafiti za ubora wa maisha zimerudia jambo hilohilo: ADHD, OCD na sonona mara nyingi hueleza dhiki ya mtoto kuliko wingi wa tiki zake.

Nisiwapeleke mbali mno upande huo, lakini. Uchunguzi wa daftari za taifa la Sweden, zile zinazoweka kumbukumbu za magonjwa na vifo, uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba watu wenye Tourette au tiki sugu walikuwa na hatari ya kufa kwa kujiua takriban mara nne ya wengine, na hatari hiyo haikufutika hata baada ya kuhesabu magonjwa mengine ya akili waliyokuwa nayo. Waliokuwa hatarini zaidi ni ambao tiki zao ziliendelea baada ya ujana. Bado ni tukio la nadra, lakini ni sababu tosha ya kumuuliza kijana moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo.

Kwa nini mambo haya yaandamane? Sehemu ya jibu ni urithi. Kati ya mapacha wa kufanana, mmoja akiwa na Tourette, uwezekano wa mwenzake kuwa nayo ulikutwa ni karibu nusu. Kwa mapacha wasiofanana, ni chini ya mmoja katika kumi. Na uchambuzi mkubwa wa jeni wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Tourette, OCD na ADHD zina sehemu ya mzizi wa kijeni inayoingiliana. Sehemu nyingine ya jibu iko kwenye mizunguko ya neva inayounganisha gamba la ubongo na vinundu vilivyo ndani kabisa, vile vinavyoamua mjongeo upi uruhusiwe na upi uzuiwe. Mizunguko jirani na hiyo hushughulikia umakini, mazoea na hisia ya kwamba jambo limekamilika sawasawa. Haishangazi kwamba OCD ya mtoto mwenye tiki mara nyingi si ya kuogopa vijidudu, bali ya ulinganifu: kugusa kushoto kwa sababu amegusa kulia, kurudia mpaka "ikae sawa".

Hali hizi zina mpangilio wa kuingia pia, na huu walimu waukumbuke. ADHD kwa kawaida hutangulia tiki. OCD huchelewa, hujitokeza miaka kadhaa baada yake. Kwa hiyo uchunguzi wa mtoto wa miaka 6 haujamaliza kazi. Akifika miaka 10 aulizwe tena, na maswali ya safari hiyo ni mengine.

Kuna hofu moja iliyowanyima watoto wengi matibabu: kwamba dawa za ADHD za jamii ya methilfenidati huchochea tiki. Mwaka 2002 lilichapishwa jaribio la watoto 136 wenye tiki na ADHD, waliogawanywa makundi manne kwa bahati nasibu: methilfenidati, klonidini (dawa ya jamii nyingine), zote mbili, au kidonge kisicho na dawa. Walioripotiwa kuzidiwa na tiki walikuwa asilimia 20 kwa methilfenidati, 26 kwa klonidini, na 22 kwa kidonge kitupu. Itazameni hiyo 22. Tiki hupanda na kushuka zenyewe, kwa hiyo chochote ulichoanza kumpa mtoto wiki zilipopanda kitabeba lawama, na chochote ulichompa zilipokuwa zikishuka kitasifiwa. Hivyo ndivyo zinavyouzwa tiba nyingi zisizo na maana. Bado yupo mtoto mmojammoja ambaye tiki zake huzidi kweli kwa dawa hiyo. Huyo afuatiliwe na daktari wake. Waliopata nafuu kubwa zaidi, kwa njia, ni waliopewa dawa zote mbili.

Na tiki zenyewe zikimkera mtoto? Si lazima kuanza na dawa. Watoto wengi kuanzia miaka 8 hadi 10 hivi huweza kueleza msukumo unaoitangulia tiki, kitu kama chafya inayokuja, na tiki ikishatoka unatulia. Tiba ya tabia hutumia mlango huo: mtoto hujifunza kuutambua msukumo na kufanya mjongeo mwingine usioendana na tiki mpaka upite. Katika jaribio la mwaka 2010 la watoto 126, vikao 8 ndani ya wiki 10, walioboreka walikuwa asilimia 53 hivi, dhidi ya 19 ya waliopata ushauri wa kawaida. Chama cha madaktari wa neva cha Marekani mwaka 2019 kiliipendekeza kama hatua ya kwanza. Wataalamu wake ni wachache kila mahali, ndiyo maana jaribio la Uingereza la watoto 224, lililochapishwa 2021 likitumia tiba ya aina hiyo kwa njia ya intaneti, lilipokewa kwa hamu. Nalo lilileta nafuu.

Ninajua swali litakalofuata, maana huulizwa kila ninapozungumza: mtoto akizizuia tiki shuleni, si zitalipuka nyumbani? Zilipopimwa katika chumba cha uchunguzi, baada ya kuzuiwa hazikupanda kupita kiwango cha awali. Tofauti mnayoiona jioni huenda inatokana na uchovu, na mtoto kujisikia yuko huru. Lakini kuzuia kunagharimu umakini, na mtoto mwenye ADHD hana umakini wa ziada wa kutumia hivyo wakati wa hisabati.

Kwa hiyo, walimu, ombi langu ni hili. Ukiona tiki darasani, endelea kufundisha. Usimwambie aache, usiwatazame wenzake uone kama wameona. Badala yake andika mambo matatu kwa wiki mbili: ni kazi ngapi alizianza akazimaliza, anafuta na kurudia mara ngapi, na wakati wa mapumziko anakuwa na nani. Mpe mzazi karatasi hiyo aende nayo kliniki. Daktari ana dakika chache na atayaona macho mwenyewe. Hayo mengine hawezi kuyaona asipoletewa.