Kugonga Muhuri Mpakani Huku Tukisubiri Miaka Hamsini

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu habari za siku nyingi. Wengi wenu mmeniandikia mkiuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: je, mtu ambaye ameshaacha kazi ya kudumu na ana akiba yake, lakini bado hajafikia umri wa viza ya wastaafu, anaweza kuishi Thailand kwa kutoka nje ya mpaka kila siku zake zinapokaribia kwisha, kisha akarudi na muhuri mpya? Nimeishi hivyo kwa miezi mingi, na leo nitalijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu naona baadhi yenu mmeanza kupanga maisha yenu juu ya muhuri huo, na jambo hilo linanikosesha usingizi.

Tuanze na umri, maana ndio chanzo cha yote. Thailand humruhusu mgeni kukaa kama mstaafu akishatimiza miaka 50. Mimi nilifika nikiwa na miaka 48, baada ya kufanya hesabu zangu na kuona kwamba sikuwa na sababu ya kuendelea kuamka saa kumi usiku kwenda kazini. Nilisafiri kwa pasipoti ya Uingereza, na naomba mlisikilize hili vizuri kabla hatujaenda mbali. Tarehe 15 Julai 2024 serikali ya Thailand ilitoa msamaha wa viza, yaani ruhusa ya kuingia bila viza, wa siku 60 kwa raia wa nchi 93, na nchi nyingi za Afrika hazimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo ninayoyasimulia yanaweza yasikuhusu kabisa, hata kama wewe na mimi ni watoto wa mama mmoja, ikiwa pasipoti zetu ni tofauti.

Sasa tazameni ukurasa huu wa pasipoti yangu ninaousogeza karibu na kamera. Muhuri huu wa juu ndio wa kwanza, wa siku nilipotua, na ulinipa siku 60. Huu wa chini yake niligongewa katika ofisi ya uhamiaji nilipoomba kuongezewa siku 30, kwa ada ya baht 1,900, baht ikiwa ndiyo sarafu ya Thailand. Jumla ni siku 90, na huo ndio mwisho wa kuongezewa, kwa hiyo ilinibidi nitoke. Nilikwenda Nong Khai, mji ulio ukingoni mwa mto Mekong, mahali ambapo Daraja la Urafiki lililofunguliwa mwaka 1994 linaiunganisha Thailand na Laos.

Safari yenyewe haina mambo mengi. Unagongewa muhuri wa kutoka, unapanda basi la kuvukia daraja, na ng'ambo ya pili unajaza fomu ya viza ya Laos, ambayo hubandikwa katika ukurasa mzima wa pasipoti. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Mkononi alikuwa na bahasha ya plastiki yenye picha ndogo zaidi ya kumi za pasipoti, zote zimekatwa sawasawa, na alichomoa mbili bila hata kuzitazama, kama mtu anayetoa nauli ya kila siku. Nilimwuliza amefanya hivyo kwa muda gani, akanijibu kwamba aliacha kuhesabu zamani. Nilipokuwa narudi nilikuwa na furaha, kwa kuwa nilipata siku nyingine 60, lakini zile picha zake hazikunitoka akilini.

Kanuni ambayo wengi hawaijui ni kwamba, tangu tarehe 31 Desemba 2016, anayeingia Thailand kwa msamaha wa viza kupitia mpaka wa nchi kavu au wa majini huruhusiwa mara mbili tu katika mwaka mmoja wa kalenda. Mimi nilizimaliza zote mbili, kisha nikaamua kutoka na kurudi kwa ndege, nikiamini kwamba kwa kuwa kanuni hiyo haitaji viwanja vya ndege, huko nitapita bila maswali.

Haikuwa hivyo. Ofisa aliyeipokea pasipoti yangu aliifungua ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akarudi nyuma akiweka kidole gumba juu ya kila muhuri, mmoja baada ya mwingine, na nilimwona midomo ikichezacheza kwa kuhesabu. Hakunikaripia wala hakupandisha sauti. Alinipeleka kwenye chumba cha pembeni, ambako niliulizwa nafanya kazi gani, naishi kwa fedha gani, kama nina tiketi ya kuondokea, na kwa nini mtalii anahitaji kukaa karibu mwaka mzima. Majibu yangu yote yalikuwa ya kweli, ila swali la mwisho sikuwa na jibu lake, kwa sababu sikuwa mtalii. Nilikuwa mkazi niliyejiita mtalii, na yule ofisa alilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Waliniruhusu kuingia baada ya saa mbili na nusu, wakanionya kwamba safari nyingine nije na viza. Mwanamke tuliyekuwa naye katika chumba kile hakuruhusiwa, na alirudishwa kwa ndege wakati nguo zake na paka wake vilikuwa katika nyumba aliyopanga umbali wa saa moja kutoka pale tulipokaa.

Ndiyo maana nasema kwamba muhuri wa mpakani ni hisani ya ofisa anayekuhudumia siku hiyo. Anaweza kukupa mara tano na akakunyima ya sita bila kuvunja sheria yoyote, nawe huna pa kukata rufaa penye maana, kwa kuwa hukuwahi kuahidiwa makazi.

Hata pale muhuri unapopatikana, maisha yanayojengwa juu yake yana mapengo. Mabenki mengi yanasita kumfungulia akaunti mtu aliyeingia kwa msamaha wa viza, na baadaye mtaona kwa nini akaunti hiyo ni ya lazima. Kodi nayo haijali mihuri: ukikaa Thailand siku 180 au zaidi katika mwaka wa kalenda, hata kama umetoka na kurudi mara nne, unahesabiwa kuwa mkazi kwa mambo ya kodi, na tangu tarehe 1 Januari 2024 mapato ya nje unayoyaingiza nchini yanaweza kutozwa kodi. Nilikutana na watu waliodhani kwamba kuvuka daraja kunaanzisha hesabu upya kwa kila kitu. Daraja halifanyi kazi hiyo.

Kupitiliza muda ni jambo ambalo sitaki hata mmoja wenu alifikirie. Faini ni baht 500 kwa siku, na haizidi baht 20,000, kwa hiyo wapo wanaoona ni nafuu kuliko nauli. Lakini aliyepitiliza zaidi ya siku 90, hata akijisalimisha mwenyewe, hupigwa marufuku kuingia kwa mwaka mmoja, na anayekamatwa, hata akiwa amepitiliza siku chache, anaweza kufungiwa miaka mitano. Hebu fikiria una miaka 49, ndoto yako iko mbele yako, halafu unafungiwa mlango hadi miaka 54.

Wanaofikiria Ulaya wajue kwamba katika nchi 29 za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, njia hii haipo kabisa, kwa sababu kanuni inayomruhusu mgeni kukaa siku 90 tu ndani ya kila siku 180 hutazama nyuma kila siku inayopita. Ukitoka jioni na kurudi asubuhi hujapata kitu. Tangu Oktoba 2025 wameanza kusajili alama za vidole na nyuso za wageni badala ya kutegemea mihuri, na mashine haichoki kuhesabu.

Basi nilifanya nini baada ya chumba kile? Nilitoka nchini kwa hiari yangu kabla siku zangu hazijaisha, nikiwa nje nikaomba viza iitwayo DTV (Destination Thailand Visa), ambayo Thailand iliianzisha mwaka 2024 kwa wanaofanya kazi kwa mbali na makundi mengine machache. Hudumu miaka mitano, kila uingiapo unapewa siku 180, ada yake kwa kawaida ni takriban baht 10,000, na unatakiwa kuonyesha akiba ya baht 500,000. Nilikuwa na mkataba wa kuandaa hesabu za kampuni kwa njia ya intaneti, nikauambatisha. Ningeiomba tangu mwanzo, ningeokoa nauli zote zile na ningelala usingizi wangu. Kwa mtu mwenye miaka 47 au 48 mwenye kazi ya aina hiyo, ushauri wangu ni aanze hapo, na kuvuka mpaka kuwe ni kwa dharura moja, si kwa ratiba.

Nimebakiza miezi saba kutimiza 50. Kwa ukaaji wa mwaka mmoja kama mstaafu, njia niliyoichagua inataka baht 800,000 ziwe katika benki ya Thailand kwa miezi miwili kabla ya maombi, zibaki hapo miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na baada ya hapo zisishuke chini ya 400,000. Wenye pensheni ya baht 65,000 kwa mwezi wanaweza kutumia kipato hicho badala ya amana. Kwa kuwa sasa nina viza inayoeleweka, ofisi ya uhamiaji imenipa hati ya kuthibitisha makazi, na hii hapa, bado ina mkunjo wa bahasha. Alhamisi asubuhi naipeleka benki kufungua akaunti.